Kupima majengo ya Dodoma kwa rada ya setelaiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wapimaji, wanafunzi wa jiomatiki, mipango miji na uhandisi, na yeyote anayetaka kutengeneza ramani ya 3D ya mji kwa kutumia rada ya setelaiti badala ya kamera. Mifano yote ni ya Dodoma na viunga vyake.

Rada inajuaje urefu wa jengo ikiwa zaidi ya kilomita 500 juu?

Picha moja peke yake haijui. Rada hupima vitu viwili: nguvu ya mwangwi uliorudi, na fezi yake, yaani wimbi lilikuwa limefika sehemu gani ya mzunguko wake liliporudi kwenye antena. Muda wa kwenda na kurudi unatoa umbali, basi. Vitu vyote vilivyo umbali sawa kutoka kwenye antena vinaangukia pikseli moja, hata kama kimoja ni lami ya barabarani, cha pili ni dirisha la ghorofa ya tatu na cha tatu ni ukingo wa paa.

Urefu unapatikana setelaiti inapopita tena na tena katika njia karibu ileile, ila si ileile kabisa. Mpito wa leo unaweza kuwa mita 40 pembeni mwa ule wa siku 12 zilizopita, na wa mwezi ujao ukawa mita 90 upande wa pili. Tofauti hiyo tunaiita hapa mwachano. Mwachano ukibadilika, fezi ya kitu kilichoinuka inabadilika kwa namna tofauti na fezi ya kitu kilicho chini. Ukiwa na mipito 30 au 60, unaweza kutenganisha mwangwi wa kila pikseli kulingana na kimo chake. Ni hesabu ya ukoo mmoja na CT scan ya hospitalini, ndiyo maana inaitwa tomografia ya rada.

Pikseli ikiwa na kitu kimoja tu chenye mwangwi mkali, kazi ni nyepesi zaidi na inaitwa mbinu ya nukta thabiti. Mbinu hiyo ilitoka Milano, kwa Ferretti, Prati na Rocca, karibu mwaka 2000. Tomografia yenyewe ilionyeshwa kwa ndege mwaka 2000 na Reigber na Moreira. Kwa setelaiti, mambo yalifunguka baada ya TerraSAR-X kurushwa Juni 2007: Xiao Xiang Zhu na Richard Bamler wa Ujerumani walichapisha mwaka 2010 matokeo ya majengo marefu ya Las Vegas.

Nitumie data ipi, na itanigharimu kiasi gani?

Sentinel-1 ya Ulaya ni bure. Ni rada ya bendi ya C, urefu wa wimbi sm 5.55, kimo cha kilomita 693, na hurudi njia ileile kila siku 12. Data inapakuliwa kutoka Copernicus Data Space au Alaska Satellite Facility. Unafungua akaunti, hulipi kitu. Tatizo ni ukali wa picha: mita 5 kwa 20 ardhini.

TerraSAR-X na pacha wake TanDEM-X, aliyerushwa Juni 2010, ni bendi ya X, sm 3.1, kila siku 11, na katika hali yake kali zaidi inaona vitu vya chini ya mita moja. Hizo ni za kununua, ingawa taasisi za utafiti huweza kuomba kwa maandiko ya mradi kwa shirika la anga la Ujerumani, DLR. COSMO-SkyMed ya Italia iko kundi hilohilo. Zipo pia kampuni za setelaiti ndogo kama ICEYE, Capella na Umbra zenye picha kali mno. Kwa tomografia usinunue picha kwa sababu ya ukali wake pekee. Uliza kwanza kama watakupa mfululizo wa picha kutoka njia ileile, kwa pembe ileile, kwa mwaka mzima. Bila hivyo umenunua picha nzuri za kutundika ukutani.

Je, Sentinel-1 inatosha kwa Dodoma?

Inategemea unataka nini, na hapa ndipo watu wengi hupoteza miezi. Tufanye hesabu.

Uwezo wa kutenganisha vitu viwili vilivyo katika pikseli moja ni λ × r ÷ (2 × Δb): urefu wa wimbi mara umbali, gawanya kwa mara mbili ya upana wote wa mwachano. Sentinel-1 inaongozwa kwa usahihi mkubwa, njia zake haziachani sana. Mwachano wote kwa kawaida ni kama mita 250. Umbali wa mshazari hadi ardhini ni kama kilomita 850. Weka 0.0555 × 850,000 ÷ 500, unapata mita 94 kwenye mhimili unaokata mstari wa kuangalia kwa nyuzi 90. Zidisha kwa sini ya nyuzi 39, yaani pembe ya mstari wa kuangalia kutoka wima, ni kama mita 59 za kimo. Maana yake: paa na lami vikichanganyika katika pikseli moja, Sentinel-1 haitaweza kuvitenganisha kwa uhakika mpaka jengo likaribie ghorofa 18. Majengo ya namna hiyo Dodoma ni ya kutafuta.

Ila kupima kimo cha kitu *kimoja* ni suala tofauti. Hapo kosa linategemea idadi ya picha, ukali wa mwangwi na mtawanyiko wa mwachano. Kwa picha 60, mwangwi uliozidi kelele kwa desibeli 5, na mtawanyiko wa mita 60, kosa la kinadharia ni kama mita 2 za kimo. Ukiongeza hewa na mambo mengine, hesabu mita 3 hadi 5. Kwa hiyo jengo la ghorofa sita, mita 20 hivi, utalipata na utajua ni la ghorofa tano hadi saba. Nyumba ya kawaida ya Nkuhungu au Chang'ombe yenye kimo cha mita 4 inazama ndani ya kosa lenyewe.

TerraSAR-X ni habari nyingine. Kwa picha 25 na mtawanyiko wa mita 100, kosa la nukta yenye mwangwi mkali linashuka chini ya mita moja. Wingi wa nukta nao hauna ulinganisho: Sentinel-1 inakupa mamia hadi elfu kadhaa kwa kilomita ya mraba mjini, ilhali picha kali za TerraSAR-X zimefikisha karibu milioni moja kwa kilomita ya mraba katika miji yenye maghorofa.

Nianzie eneo gani?

Mji wa Serikali Mtumba. Majengo ni makubwa, yameachana, yana pembe kali, na pembeni kuna ardhi tupu inayokupa kimo cha chini bila utata. Chaguo la pili ni Chuo Kikuu cha Dodoma: majengo yake yamesambaa kwenye miteremko, kwa hiyo utajifunza mapema kutofautisha mwinuko wa kilima na urefu wa jengo. Katikati ya mji, kuanzia Bunge hadi Nyerere Square na Jamatini, ni pagumu zaidi kwa sababu majengo yamebanana na mwangwi wa moja unalalia jingine. Usianze hapo.

Nahitaji picha ngapi?

Kwa Sentinel-1 usianze chini ya 40. 60 ni nzuri, ambayo ni miaka miwili ya mipito ya kila siku 12. Kwa bendi ya X yenye mwachano mpana, 20 hadi 25 zinaweza kutosha. Kabla ya kupakua, chora mchoro wa mwachano dhidi ya tarehe. Ukiona mwachano unapanda taratibu kadiri muda unavyokwenda, kuna hatari: hesabu itashindwa kujua kama fezi imebadilika kwa sababu kitu kiko juu au kwa sababu kinatitia. Unataka mchoro uliotapakaa ovyo.

Kompyuta na bando je?

Faili moja zima la Sentinel-1 la aina ya SLC (lenye nguvu na fezi ya mwangwi), likiwa bado limefungwa, ni takribani GB 4 hadi 5. Picha 60 ni zaidi ya GB 250 kabla hujaanza kazi yoyote, na mafaili ya kati yataongeza mara mbili au tatu. Kwa bahati, Alaska Satellite Facility inakuruhusu kupakua kipande kimoja tu cha picha, cha kama kilomita 20 kwa 85, chenye ukubwa wa megabaiti mia moja na kitu. Mji wote wa Dodoma pamoja na Mtumba unaingia katika kipande kimoja au viwili. Fanya hivyo. RAM ya GB 16 ni ya kuanzia, 32 ni ya amani, na diski iwe SSD. Kazi za usiku kucha zikatikapo na umeme hukuacha na faili nusu ambalo programu italisoma kana kwamba ni zima. Weka UPS, na asubuhi linganisha ukubwa wa mafaili kabla ya kuendelea.

Hatua zenyewe zikoje, kutoka mwanzo hadi nukta za 3D?

Chagua njia moja na mwelekeo mmoja wa mpito. Mipito iko ya aina mbili: wa kupanda, setelaiti ikitoka kusini kwenda kaskazini, unaoangalia mashariki na kuona kuta za magharibi, na wa kushuka, unaoangalia magharibi na kuona kuta za mashariki. Hakikisha kwenye ramani ya upakuaji kwamba mpito unaoutaka una picha za kutosha juu ya Dodoma, kisha usichanganye aina mbili za mipito katika rundo moja la picha. Kila aina inachakatwa peke yake. Kuunganisha ni mwishoni.

Chagua picha mama. Iwe katikati ya mfululizo kwa tarehe na kwa mwachano, na iwe ya kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Picha mama ya Januari siku ya mvua itamwaga kelele za hewa katika picha zote 59 zilizobaki.

Weka obiti sahihi. Obiti za uhakika za Sentinel-1 hutoka kama siku 20 baada ya picha, kwa hiyo picha mpya kabisa ziache kwanza.

Linganisha picha zote na mama. Kwa Sentinel-1 hii ndiyo hatua isiyosamehe: upande wa mwendo wa setelaiti unahitaji usahihi wa takriban elfu moja ya pikseli, yaani sm 1.4, kwa sababu antena huzungushwa wakati wa kupiga. Ukikosea, utaona mistari ya kuruka kwa fezi pale vipande vinapoungana. Programu za bure za SNAP na ISCE2 zote zina zana ya kusahihisha kwa kutumia sehemu ambapo vipande vinapishana. Usiiruke hata kama obiti zako ni nzuri.

Toa fezi ya ardhi. Tumia modeli ya mwinuko, Copernicus ya mita 30 au SRTM ya Februari 2000. Kinachobaki baada ya kutoa ni kimo cha jengo juu ya ardhi, mwendo, hewa na kelele. Usifanye wastani wa pikseli katika hatua hii. Mafunzo mengi ya mtandaoni yanakuambia ufanye wastani ili interferogramu, yaani picha ya tofauti ya fezi kati ya mipito miwili, ipendeze. Yameandikwa kwa ajili ya matetemeko na volkano. Wastani unafuta majengo.

Kadiria hewa. Chukua kwanza nukta thabiti zenye mtawanyiko wa amplitudo chini ya 0.25, yaani mkengeuko gawanya kwa wastani, uziunganishe kwa wavu, kisha utoe sehemu ya fezi inayobadilika polepole kwa eneo na ovyo kwa muda. Hiyo ndiyo hewa.

Sasa fanya tomografia. Kwa kila pikseli una orodha ya namba changamano, moja kwa kila picha. Tengeneza mhimili wa kimo, tuseme kutoka mita −50 hadi +150 kwa hatua ya mita 1, na kwa kila hatua hesabu fezi inayotarajiwa, 4π × b × s ÷ (λ × r), ambapo b ni mwachano na s ni kimo gawanya kwa sini ya pembe. Tafuta kimo kinacholingana zaidi na data. Ongeza kasi ya mwendo, milimita −20 hadi +20 kwa mwaka, kama kigezo cha pili. Njia rahisi ni kujumlisha moja kwa moja. Inatoa kilele kikuu na vilele vya uongo pembeni, hasa mwachano ukiwa na mapengo. Njia ya mkandamizo wa L1 inatenganisha vitu vilivyokaribiana zaidi, lakini inakula muda wa kompyuta na inahitaji mwangwi mkali. Kwa Sentinel-1 hapa Dodoma hatuoni faida ya L1. Tumia njia rahisi, weka nguvu zako kwenye hewa.

Hakuna kitufe cha bure cha tomografia kwenye SNAP. Watu huandaa rundo kwa SNAP au ISCE2, kisha wanaandika msimbo wao wa Python. Asiyetaka kuandika msimbo anaweza kuanza na StaMPS au MintPy: zote hukadiria kosa la modeli ya mwinuko kwa kila nukta (MintPy inaliandika kwenye faili la demErr.h5), na kwa nukta iliyo juu ya paa, kosa hilo ndilo urefu wa jengo.

Kwa nini nukta zangu za paa zimeangukia upande wa pili wa barabara?

Kwa sababu umezipa mahali kwa kutumia kimo cha ardhi. Kitu kilicho juu kiko karibu zaidi na setelaiti, kwa hiyo rada inakisogeza kuelekea kwake. Umbali wa kusogea ni urefu gawanya kwa tanjenti ya pembe: paa la mita 20 kwa nyuzi 39 linasogea mita 25. Hesabu upya mahali pa kila nukta kwa kutumia kimo ulichokipata, na sehemu kubwa ya fujo itatulia.

Jambo hilohilo ndilo linalofanya jengo lionekane limejilaza mbele. Katika pikseli za Sentinel-1, ukuta wa mita 20 unachukua kama pikseli 7 kwa upande wa umbali. Jengo likiwa na upana wa mita 30, ni pikseli 2 tu kwa upande wa pili. Pikseli 14 kwa jengo zima, na ndani yake kuna ukuta, paa na ardhi ya mbele vikiwa vimelaliana. Nyuma ya jengo kuna kivuli cha kama mita 16 ambapo hakuna data kabisa. Huko usijaze kwa kukisia, acha tupu.

Niliondoa pikseli zote zenye mtawanyiko mkubwa wa amplitudo ili nisafishe data. Ni sawa?

Kwa mbinu ya nukta thabiti, sawa. Kwa tomografia umejikata mguu. Pikseli yenye vitu viwili hubadilika mwangaza kila mwachano unapobadilika, kwa kuwa mawimbi mawili yanakuzana au kufutana. Mtawanyiko wake unakuwa mkubwa, na kichujio cha 0.25 kinaiona kama kelele. Yaani unatupa pikseli zilezile ulizokuja kuzitenganisha. Tumia kichujio hicho kukadiria hewa tu, kisha rudisha pikseli zote zenye mwangwi mkali na uzipime upya baada ya tomografia kwa koherensi ya muda, kipimo cha 0 hadi 1 cha jinsi fezi za picha zote zinavyolingana na modeli; 0.7 kwenda juu ni pa kuanzia.

Mabati yanaleta shida gani?

Bati ni laini kwa rada. Likiwa limeinama kuelekea setelaiti linang'aa mpaka linafunika majirani. Likielekea kwingine linatupa mawimbi mbali na linatoka jeusi. Ndiyo maana nyumba mbili zinazofanana za Kisasa au Ilazo zinaweza kutoka moja nyeupe pe, nyingine haipo. Nukta za kutegemea hutoka kwenye pembe: grili za madirisha, vyombo vya viyoyozi vilivyofungwa ukutani, ukingo wa balkoni, matanki ya maji juu ya minara yake, na pale ukuta unapokutana na sakafu ya nje. Kona hiyo ya chini ina mwangwi mkali kuliko yote na kimo chake ni cha ardhi, si cha jengo. Ukichukua wastani wa nukta zote ndani ya mipaka ya jengo, kona hizo zitakushusha ghorofa mbili nzima. Panga vimo kutoka chini kwenda juu na uchukue kile kinachoangukia kwenye asilimia 90 ya mpangilio, si wastani na si nukta ya juu kabisa.

Nimepata nukta zilizo mita 15 chini ya ardhi. Ni handaki?

Siyo. Ni wimbi lililogonga ukuta, likagonga jengo la pili au ardhi, likagonga tena kabla ya kurudi. Limetembea zaidi, likaonekana limetoka mahali pasipokuwepo. Nyingine ni vilele vya uongo vya hesabu. Kata kila nukta iliyo zaidi ya mita 5 chini ya ardhi, lakini kabla ya kukata angalia kama *zote* zimeshuka kwa kiasi kilekile. Zikiwa zote, tatizo ni rejea.

Rejea ni nini, na niiweke wapi Dodoma?

Vimo vyote vya rada ni tofauti na kimo cha nukta moja uliyoichagua. Ukisema nukta hiyo iko usawa wa ardhi kumbe iko kwenye paa la ghorofa tatu, mji wote umeshuka mita 10. Dodoma ina neema yake: vilima vya mawe ya granaiti vilivyotapakaa mjini na pembezoni. Mwamba mtupu haubadiliki kati ya masika na kiangazi, una mwangwi mzuri, na kimo chake unaweza kukipima kwa GNSS asubuhi moja. Epuka mashamba ya zabibu na udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba mvua zinaponyesha na kupasuka kiangazi.

Kosa la pili la rejea ni la elipsoidi na geoidi. Modeli za mwinuko zinatoa kimo juu ya geoidi, usawa wa bahari kwa lugha ya kila siku, lakini hesabu za rada zinafanyika juu ya elipsoidi, umbo laini la kihesabu la dunia. Hapa kwetu geoidi iko chini ya elipsoidi kwa zaidi ya mita 10. SNAP ikipakua SRTM yenyewe inabadilisha bila kuulizwa. Ukiiletea modeli yako mwenyewe, lazima uweke alama kwenye kisanduku cha kusahihisha. Kisanduku hicho kimoja kimeharibu ramani nyingi kuliko mvua.

Mvua na joto vinaathiri kiasi gani?

Mvua za Dodoma ni Desemba hadi Aprili. Mvuke wa maji hewani unachelewesha wimbi, na majani mapya yanaharibu fezi ya maeneo ya wazi. Usitupe picha za masika zote, kwa sababu utatoboa pengo la miezi mitano katika mfululizo. Tupa zile tu ambazo interferogramu zake zote zina mabaka.

Joto linahusu zaidi bendi ya X. Zege na chuma hutanuka kama sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Jengo la mita 20 likipata tofauti ya nyuzi 20, paa linapanda karibu mm 5. Nusu ya wimbi la bendi ya X ni mm 15.5, kwa hiyo hiyo ni robo hadi theluthi ya mzunguko mzima, na hesabu isiyo na kigezo cha joto itaigeuza kuwa kimo au mwendo. Ongeza joto la siku ya picha kama kigezo cha tatu. Kwa Sentinel-1 athari ni ndogo, hasa kwa kuwa inapita kama saa 12 na nusu asubuhi au saa 12 na nusu jioni, jua likiwa halijachoma au limeshapoa.

Jengo limejengwa katikati ya kipindi cha picha zangu. Nifanyeje?

Mtumba na Iyumbu zimejaa majengo ya namna hiyo. Picha za kabla zina kiwanja kitupu, za katikati zina kreni na jukwaa la mbao, za mwisho zina jengo. Koherensi ya kipindi chote itakuwa mbovu na nukta zitafutwa. Chora amplitudo ya pikseli za eneo hilo dhidi ya tarehe; utaona inaruka juu na kutulia. Anza rundo baada ya mruko huo. Zikibaki chini ya picha 40 za Sentinel-1, subiri.

Droni si rahisi zaidi?

Kwa mtaa mmoja, ndiyo, na itakupa usahihi wa sentimita. Ila inahitaji kusajiliwa na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na maeneo kama Bunge, Mtumba na Ikulu ya Chamwino si ya kurushia hivihivi. Rada inashinda kwa eneo kubwa, kwa kurudia kila siku 12, na kwa kutoa mwendo wa milimita ambao droni haiuoni.

Naweza kutumia data hiyohiyo kuona jengo linalotitia?

Ndiyo, na kwa Sentinel-1 hii ndiyo nguvu yake halisi. Mzunguko mmoja wa fezi ni mm 28 kuelekea setelaiti. Kwa picha 60 kasi inafikia usahihi wa mm 1 hadi 2 kwa mwaka. Tofautisha mwendo wa msimu, unaopanda na kushuka pamoja na mvua, na ule unaoshuka moja kwa moja. Wa kwanza ni udongo unaovimba chini ya msingi. Wa pili mpelekee mhandisi akakague jengo. Rada haioni nyufa wala nondo.

Na NISAR?

Ni setelaiti ya rada ya Marekani na India, ilirushwa Julai 2025, bendi ya L ya sm 24, data bure. Itasaidia mno kwenye mwendo wa ardhi yenye vichaka. Kwa vimo vya majengo usitegemee muujiza, maana wimbi refu na njia zilizobanwa vinapunguza uwezo wa kutenganisha. BIOMASS, setelaiti ya Ulaya iliyorushwa Aprili 2025, inafanya tomografia kweli, lakini ya misitu.

Nathibitishaje kwamba vimo vyangu ni sahihi?

Chagua majengo 20 hadi 30 ya vimo tofauti. Pima kwa totali steshini au RTK pale unaporuhusiwa. Kwingine hesabu ghorofa na zidisha kwa mita 3.3, ukijua kwamba ukumbi wa chini mara nyingi huzidi hapo. Data ya leza ya ICESat-2 ni bure na hupita kwa mistari myembamba. Mstari ukikatiza jengo lako, una shahidi. Toa taarifa ya kosa la kati na asilimia ya majengo yaliyokosewa kwa zaidi ya mita 5. Wastani pekee huficha mambo.

Nitoke vipi kwenye nukta hadi jengo la 3D, na nitoe faili gani?

Chukua mipaka ya majengo kutoka OpenStreetMap au Open Buildings ya Google. Unganisha nukta za mpito wa kupanda na wa kushuka: sogeza wingu moja mpaka ardhi na kuta zikutane, kwa kawaida ni mita chache, kisha kila jengo lipe kimo chake. Kuta za kaskazini na kusini zitabaki na nukta chache kwa sababu mipito yote miwili inaangalia mashariki au magharibi. Jengo lenye nukta chini ya 3 liache bila kimo, au lipe kimo kutoka data ya vimo ya Open Buildings na uandike wazi chanzo chake.

Angalia pia kanda ya UTM. Mji wa Dodoma uko kanda ya 36 Kusini, lakini mpaka wa kanda ni nyuzi 36 mashariki, na hauko mbali na Mtumba. Mradi ukifika Kongwa au Mpwapwa tayari uko kanda ya 37. Amua kanda moja kwa mradi mzima. Nukta zitoe kwa LAS, majengo kwa GeoPackage au CityJSON, na kila jengo liwe na safu za kimo, idadi ya nukta, koherensi ya wastani, mpito uliotumika, na tarehe ya picha ya kwanza na ya mwisho.